Pikapu Yako Inabeba Kilo Ngapi? Tuache Kubahatisha



Leo siandiki siasa wala mpira (Coastal Union watanisamehe). Naomba tuzungumzie pikapu, na hasa ile bodi yake ya nyuma: inabeba kilo ngapi bila kuhatarisha roho ya mtu?

Simama dakika kumi tu pembeni ya barabara ya Segera–Tanga, pale Muheza, utaona ninachosema. Pikapu ya machungwa inapita imeinua pua kama mashua inayotafuta upepo. Nyuma yake inakuja kirikuu imepakia saruji kutoka Pongwe, matairi ya nyuma yamelala kama chapati. Baadaye kidogo inapita nyingine, hii imebeba mirunda iliyotokeza nyuma mita mbili na imefungwa kitambaa chekundu, basi mwenye gari anaona kazi imekwisha.

Ukimuuliza dereva amebeba kilo ngapi, atakujibu kwa magunia, kwa matenga, kwa mifuko au kwa madumu. Kilo hajui. Tajiri mwenye gari hajui. Mwenye mzigo ndiyo kabisaa, hataki hata kujua. Kinachotumika ni jicho na mdomo: "Ongeza mbili tatu hapo, gari linavuta hilo!" Kuvuta ni kweli linavuta, wala injini si tatizo. Swali ni kama litasimama, litakata kona, na kama tairi litafika Segera likiwa zima.

KILO ZIMEANDIKWA WAPI?

Tuanze na jambo rahisi. Kila gari lina uzito wake likiwa tupu, na lina uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji amesema lisiuzidi likiwa na kila kitu ndani yake. Kwenye kadi ya gari kuna sehemu mbili: Tare Weight, huo ndio uzito mtupu, na Gross Weight, huo ndio uzito wa juu. Toa mtupu kwenye wa juu. Kinachobaki ndicho ulichoruhusiwa kuongeza. Basi, hesabu ya darasa la tatu.

Kama kadi yako ina namba za ajabu (zipo, mnajua wenyewe mambo ya kuandikisha), fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko kwenye fremu yake, au tafuta kitabu cha gari. Kibandiko cha mtengenezaji ndicho cha kuamini kuliko maneno ya kijiweni.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopotea. Kile kinachobaki si mzigo wa bodi peke yake. Ndani yake yumo dereva, utingo, mafuta, bampa la chuma ulilochomelea mbele, keria, maturubai, kamba na lile tairi la pili la akiba. Vyote hivyo vinakula kilo zako kabla hujapakia hata chungwa moja.

Tupige mfano. Tuseme kadi inasema uzito mtupu ni kilo 1,700 na uzito wa juu ni kilo 2,700. Zinabaki 1,000. Ndiyo maana watu wanasema "hii ni ya tani moja". Toa dereva kilo 75, utingo 70, mafuta 65, bampa la chuma na keria 90. Zimebaki 700. Hiyo ndiyo "tani moja" yako halisi! Na kama ni ile ya milango minne, umepakia watu watano ndani, umeshakula kilo 200 nyingine. Unabaki na 500.

Na ieleweke: pikapu ya milango minne kwa kawaida haina uwezo mkubwa kuliko ya milango miwili. Ile kabini ndefu nayo ni chuma, ina uzito. Ukubwa wa gari usikudanganye.

MZIGO WETU WA TANGA KWA KILO

Wacha nitafsiri mizigo yetu ya kila siku, maana hapa ndipo mambo yanapochekesha na kutisha kwa wakati mmoja. Tushike ile pikapu yetu ya mfano iliyobakiwa na kilo 700.

Saruji: mfuko ni kilo 50. Kwa hiyo mifuko 14, basi. Wangapi mmeona pikapu ina mifuko 30? Hiyo ni tani moja na nusu, zaidi ya mara mbili.

Machungwa: chungwa la wastani lina kama gramu 200. Elfu moja ni kilo 200. Machungwa 3,500 yameshajaza uwezo wa gari, na bodi bado ina nafasi. Ukijaza mpaka juu ya mbao za pembeni ulizoongeza, umeshavuka kitambo.

Viazi na mboga za Lushoto: hapa kuna lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanapigia kelele kila mwaka jambo hili kwa sababu ya kumlinda mkulima asipunjwe. Lakini lumbesa inamuumiza na dereva pia. Magunia 7 ya kilo 100 ni 700, sawasawa. Magunia yale yale 7 yakifungwa lumbesa ya kilo 140 ni 980. Umeongeza kilo 280 na idadi ya magunia ni ile ile! Dereva anayehesabu magunia amelala usingizi.

Mkonge: robota moja la kusafirisha nje ni kilo 250. Mawili ni 500. La tatu hapana.

Maji: lita moja kilo moja. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bado hujalipima tanki lenyewe. Likiwa nusu lina balaa lingine, maji yanacheza. Ukikata kona yanakimbilia upande mmoja, ukifunga breki yanakuja mbele. Umebeba kitu hai mgongoni.

Tofali la saruji la inchi 6 linakaribia kilo 30. Matofali 23 tayari ni kama kilo 700. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ni kilo kumi na nusu na kidogo. Nondo 60 ni kilo 640.

Na sasa mchanga, huyu ndiye muuaji wa kimyakimya. Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani moja na nusu. Ukilowa, masika hii, unaweza kufika tani 1.8 mpaka 2. Bodi ya pikapu ya milango miwili ni kama mita 2.3 kwa 1.5, na kina cha karibu nusu mita. Hiyo ni meta 1.6 hivi za ujazo. Ukiijaza sawa na ukingo kwa mchanga uliolowa, umebeba kama TANI TATU kwenye gari la kilo 700. Kumbe bodi kujaa si kipimo cha chochote. Bodi imetengenezwa na nafasi ya kuweka magodoro na makuti, si kwamba kila kitu kinachoingia kinabebeka.

KIRIKUU NAYO?

Hizi Suzuki Carry na ndugu zake, tunazoziita kirikuu, zimejaa mjini na zimewapa vijana wengi kazi. Sina ugomvi nazo. Lakini huko Japani zilikotengenezwa sheria yao inasema gari la daraja hilo lisibebe mzigo unaozidi kilo 350. Na Wajapani wana utaratibu kwamba gari la mizigo liandikwe nyuma uzito wake wa juu wa mzigo. Nenda kaangalie geti la nyuma la kirikuu ambayo haijapigwa rangi upya: kuna herufi za kwao, halafu kuna 350 kg. Namba husomeka kwa lugha zote!

Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji. Saba. Lile gari lenyewe lina uzito wa kama kilo 700 tu na injini ya sisi 660, yaani ukipakia mifuko 20 umebebesha kitu kizito kuliko chenyewe. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi tunampa kirikuu, tena na utingo juu yake.

"MBONA MIZANI HAWATUSIMAMISHI?"

Hili ndilo swali ninalokutana nalo kila nikianza mada hii. Watu wanasema: kama ingekuwa hatari, si TANROADS wangetupima kama wanavyopima malori?

Jibu lake ni muhimu kuliko yote ya leo, kwa hiyo tulia kidogo.

Mizani ya barabarani iko pale kulinda BARABARA. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inashughulika na magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, na inaishia tani 56 kwa lori zima. Chini ya hapo hawana habari na wewe. Sababu ni ya kisayansi. Wamarekani walifanya majaribio makubwa kule Illinois kati ya 1958 na 1960, wakaendesha malori juu ya barabara za majaribio mpaka zikafa. Walichogundua ni kwamba madhara ya ekseli kwa lami yanapanda kwa haraka ya kutisha: ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, madhara yanakuwa mara 16 hivi.

Ukigeuza hesabu hiyo, pikapu iliyozidisha mpaka ekseli ya nyuma ikafika tani 2 bado ni mzaha mbele ya ekseli ya lori ya tani 8.2 ambayo wahandisi huitumia kama kipimo. Inatakiwa pikapu ipite kama mara 280 ndipo iharibu lami sawa na ekseli hiyo moja ikipita mara moja. Kwa hiyo lami haikuogopi, ndiyo maana hawakupimi.

Lakini ndugu yangu, lami kutokukuogopa hakumaanishi kwamba wewe uko salama. Barabara imelindwa, wewe hujalindwa na mtu. Mlinzi wako ni hesabu yako mwenyewe.

BREKI, NA MTEREMKO WA SONI

Tuseme pikapu yetu imebeba sawasawa, inakwenda kilomita 80 kwa saa, breki nzima, lami kavu. Dereva akikanyaga mpaka mwisho inaweza kusimama kwa kama mita 35, ukiacha zile mita 22 zinazopotea katika sekunde moja ya kushtuka. Sasa iongezee mzigo mpaka uzito wote uwe mara moja na nusu, yaani tani 4 badala ya 2.7. Nguvu ya breki haikuongezeka, breki ni zile zile. Itahitaji mita 53.

Unaweza kusema mita 18 si kitu. Haya, angalia kwa jicho lingine: pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili bado linakwenda kilomita 46 kwa saa. Kwa la kwanza, mtoto wa shule aliyevuka ghafla anapigiwa honi na kutukanwa, anakwenda nyumbani. Kwa la pili, anagongwa kwa kilomita 46 kwa saa na gari la tani 4. Mtoto ni yule yule, na dereva ni yule yule. Tofauti ni mifuko ya saruji.

Halafu kuna mlima. Kutoka Lushoto kushuka Mombo kupitia Soni ni kama kilomita 33, na unashuka karibu mita 1,000 kwenda chini. Ile nguvu yote ya gari kushuka lazima iende mahali, na breki zinaigeuza kuwa joto. Gari la tani 3 likishuka mita 1,000 linatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 90 za maji ya bomba mpaka yatokote. Likiwa tani 4 ni kama lita 125, madumu sita ya lita 20! Upepo na injini vinachukua sehemu yake, ila ukishuka umeweka gia kubwa "kuokoa mafuta", karibu joto lote hilo unalimwaga kwenye breki nne ndogo.

Breki zikichemka sana zinapoteza ung'ang'anizi, na mafuta ya breki yakiwa ya zamani yenye unyevunyevu yanatokota ndani ya mpira. Hapo unakanyaga pedeli inakwenda chini kama imekanyaga hewa. Ndiyo ile "gari lilifeli breki" tunayoisikia kila ajali. Mara nyingi halikufeli, lilifelishwa.

Dawa yake ni ya kizamani: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Na usizidishe.

MZIGO UKAE WAPI?

Hata kilo halali zikikaa vibaya ni hatari. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabini, na ukae chini. Ukiupeleka nyuma ya ekseli unafanya mchezo wa pembea: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka.

Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 3. Weka kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, mathalani mirunda iliyotokeza. Ekseli ya nyuma haitaongezewa 300, itaongezewa 400. Zile 100 zimetoka wapi? Zimetolewa kwenye matairi ya mbele. Na matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yenye kazi kubwa ya breki. Ukiona usukani umekuwa mwepesi wa raha baada ya kupakia, usifurahi. Gari linakuaga.

Usiku tena kuna jingine: pua ikiinuka, taa zinaangalia juu. Wewe huoni shimo lililo mbele yako, na anayekuja upande wa pili haoni kitu kabisa kwa mwanga. Wanaotembea usiku barabara ya Horohoro wanajua adha hii.

Mizigo miepesi kama mkaa, makuti na magodoro ina ubaya wake: inapanda juu. Kilo zinaweza kuwa sawa lakini gari limekuwa refu, upepo wa pwani unalisukuma, na kwenye kona linalala. Kitambaa chekundu hakizuii gari kupinduka.

"NIMEONGEZA SPRINGI, HALINA SHIDA"

Hii ndiyo kauli inayoniumiza kichwa. Springi ikiongezwa, kinachobadilika ni kwamba gari halilali tena. Yaani umeondoa DALILI. Ekseli ni ile ile, beringi zile zile, breki zile zile, chasisi ile ile, tairi zile zile. Ni kama kumeza dawa ya maumivu uende kucheza mpira na mguu uliovunjika.

Tena kuna baya zaidi ambalo madereva wengi hawalijui. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux nyingi, zina valvu ndogo chini, karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima gari limelala kiasi gani. Likilala, valvu inajua kuna mzigo, inaongeza breki za nyuma. Ukiweka springi ngumu gari lisilale, valvu inadhani gari ni tupu na inabana breki za nyuma wakati wewe una tani mbili mgongoni. Umelipa fundi pesa yako akupunguzie breki!

TAIRI NA CHUMVI

Tairi nalo lina namba zake. Pembeni, baada ya ukubwa, kuna namba ya uzito. Kwa mfano tairi la 205R16C huwa na 110/108. Hiyo 110 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,060 mwisho wa safari. Namba 100 ni kilo 800. Namba 91 ni kilo 615. Sasa mtu anatoa tairi la gari la mizigo, anafunga la gari dogo kwa sababu linaingia kwenye rimu na ni bei nafuu. Linaingia ndiyo, lakini umeshusha uwezo wa gari zima.

Kisha angalia tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinang'arishwa zikawaka, ila mpira ukizeeka umezeeka. Na upepo ukiwa pungufu tairi linajikunja kila likizunguka, linachemka, na jua letu la saa nane linamalizia. Kibandiko cha mlangoni kinataja upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Ni namba mbili tofauti, zisome.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: chumvi. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Pangani, Kigombe na hapa Deep Sea, maji ya barafu na ya chumvi yanadondoka juu ya chasisi kila siku. Kutu inakula ndani kwa ndani, nje rangi inang'aa. Ile kilo 700 imeandikwa kwa chuma kizima. Chasisi iliyoliwa haina tena uwezo ule wa kwenye kadi, na hakuna mtu atakayekuja kukubadilishia namba. Gari la samaki lioshwe chini kwa maji baridi kila jioni, na fundi agonge chasisi kwa nyundo ndogo asikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema pu.

WATU SI MZIGO

Msiba umetokea kijijini, pikapu ni moja, watu ni wengi. Harusi vivyo hivyo, mpira vivyo hivyo. Watu 15 wamesimama nyuma ni zaidi ya tani moja, tena ni mzigo unaosimama, unaoyumba, usiofungwa kamba. Gari likikata kona wote wanalalia upande mmoja kwa wakati mmoja. Saruji ikianguka inapasuka mfuko... sihitaji kumalizia sentensi. Gari la mizigo lina leseni ya mizigo. Najua kumkatalia mzee anayetaka kwenda kuzika ni kazi ngumu, lakini ni afadhali kwenda mara tatu na watu wachache waliokaa kabini kuliko kuongeza msiba juu ya msiba.

NANI ANALIPA?

Tusiwalaumu madereva tu. Dereva ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni. Mwenye mzigo analipa kwa safari, si kwa kilo, kwa hiyo anataka vyote viingie mara moja. Dereva akikataa, pale kijiweni wapo watano watakaokubali. Kila mtu katika mlolongo huo anapata kitu kwa kuzidisha, isipokuwa anayeshika usukani. Yeye ndiye atakayekutwa na trafiki, ndiye atakayebanwa na usukani kifuani, na akipona ndiye atakayesimama mahakamani. Tajiri atakimbilia bima, na huko nako asome vizuri masharti yake, maana bima nyingi zina kipengele kuhusu gari lililozidishiwa mzigo. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwenye pikapu msemo huu ni wa kweli mpaka mauti yenyewe yanaonekana kwenye kioo cha pembeni.

Atatokea mtu aseme: mimi nabeba tani mbili miaka mitano sasa, na nafika. Sawa, nakuamini. Mtengenezaji aliweka akiba ili gari liweze kuvumilia shimo, breki ya ghafla, kona iliyokosewa. Wewe umeichukua ile akiba ukaifanya nafasi ya mzigo. Gari linafika siku zote ambazo hakuna jambo la ghafla. Na chuma kinakumbuka: kila safari ya kuzidisha inaongeza ufa mdogo kwenye chasisi, kwenye springi, kwenye ekseli. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

BASI TUFANYEJE?

1. Leo hii toa kadi, piga ile hesabu ya kutoa, ondoa uzito wa watu na vyuma ulivyoongeza. Namba uliyopata iandike kwa rangi kwenye mlango wa bodi kama Wajapani. Dereva akibishana na mwenye mzigo aonyeshe maandishi, asibishane kwa mdomo.

2. Igeuze namba hiyo kuwa mizigo unayobeba: mifuko mangapi ya saruji, madumu mangapi, magunia mangapi ya kilo 100. Bandika kwenye dashibodi.

3. Ukipata nafasi ya mizani ya kiwandani au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pima gari tupu na likiwa na mzigo wako wa kawaida. Mara moja tu inatosha kukushtua.

4. Matajiri, pangeni bei kwa kilo au kwa mfuko, si kwa safari. Mwenye mzigo akijua mfuko wa 15 unalipiwa sawa na wa kwanza, hana sababu ya kulazimisha yote yaende kwa mkupuo. Na hesabu ya dereva iendane na kilo halali.

5. Zijue dalili: nyuma imelalia zile raba za chini, taa zinaangalia juu, usukani mwepesi, pedeli ya breki ndefu, harufu ya kuungua ukishuka mlima, tairi limetoka tumbo. Ukiona moja tu, simama, shusha.

Najua mafuta ni ghali na safari ya pili ni hasara. Lakini safari ya pili ina bei inayojulikana, unaweza kuipigia hesabu usiku ukalala. Ile nyingine haina bei.

Madereva, matingo, mafundi wa springi na wenye magari, uwanja ni wenu. Mwenye pikapu atupe namba ya kwenye kadi yake na mzigo aliobeba jana, tulinganishe. Wa Lushoto mtuambie hali ya mteremko, wa Muheza mtuambie machungwa.

Nawasilisha.